SURA YA SABA: BODI NNE ZA BEI ZINAZOKARIBIANA

Ziweke mezani Sony A7 IV, Canon EOS R6 Mark II, Nikon Z6III na Panasonic Lumix S5II. Mpige bibi harusi mmoja chini ya mti mmoja kwa kamera zote nne, kisha chapisha picha kwa ukubwa wa albamu bila kuandika jina la kamera. Hakuna mteja wa Gisenyi, Rwanda, atakayejua ipi ni ipi. Hata wewe utabahatisha.

Kamera hizi ni mirolesi za fulufremu, yaani hazina kile kioo cha ndani kilichokuwa kikiruka juu kila ukibonyeza, na sensa yake ina upana wa milimita 36 kwa 24, sawa na kipande cha filamu ya zamani. Zote zina nafasi mbili za kadi, sensa inayojituliza mkono ukitetemeka, fokasi inayofuata jicho la mtu, na video ya 4K ya biti 10. Zimetoka ndani ya miaka isiyotimia mitatu: Sony Oktoba 2021, Canon Novemba 2022, Lumix Januari 2023, Nikon Juni 2024. Tatu zilianza kuuzwa Marekani kwa takriban dola 2,500 bodi tu, yaani bila lenzi, Lumix kwa dola 2,000. Sony ina megapikseli 33, nyingine zina 24 na ushee, na tofauti hiyo utaiona tu ukichapisha bango la ukutani au ukikata picha sana.

Kwa hiyo tusipoteze muda kuuliza ipi ina picha kali. Muulize fundi yeyote wa harusi swali lililobaki, ambalo ndilo gumu: ipi itaniangusha, na itaniangusha wapi? Jibu lake linategemea mji unaofanyia kazi kuliko ukurasa wa vipimo. Nimeuchagua Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu, kwa sababu ndani ya siku moja mji huu unaipima kamera kwa kila namna. Mchana kuna ziwa Kivu linalorudisha jua usoni. Jioni ni fupi. Sherehe zinafanyika ndani ya mahema na kumbi zenye taa za kila aina. Usiku wavuvi wanatoka na taa zao, na nyuma yao, upande wa Congo, kuna volkano ya Nyiragongo.

Tuanze na kazi inayoleta pesa.

Gusaba, ile sherehe ambayo upande wa muoaji unakwenda kuomba mchumba, ni mtihani wa maneno. Wasemaji wa familia mbili wanakaa wakikabiliana, wanatupiana mafumbo na utani, wanakataliana kwa makusudi, wanacheka, wanarudi mwanzo. Huwezi kujua neno zuri litatoka dakika ya ngapi. Mpiga video anayekata na kuanza upya kila mara atalikosa, na ndilo hilo baba wa binti atakaloliulizia wiki nzima. Hivyo kamera ya gusaba inatakiwa kwanza kurekodi mfululizo bila kuzimika.

Kwa miaka mingi kamera za picha zilijikata zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59. Sababu haikuwa ya kiufundi pekee: Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitoza ushuru mkubwa zaidi chombo kinachorekodi nusu saa au zaidi, kwa kukihesabu kuwa kamera ya video. Bodi zetu nne hazina tena kikwazo hicho. Lakini EOS R6 ya kwanza, ile ya Julai 2020, bado inacho, na juu yake inajulikana kwa kuchemka ikirekodi 4K. Nimeitaja kwa makusudi, maana katika soko la mitumba jina lake linafanana na Mark II na bei yake inavutia. Kwa picha za kawaida ni kamera nzuri sana. Kwa gusaba, iache.

Katika nne zetu, Lumix S5II ndiyo pekee iliyojengewa feni. Feni hiyo imekaa juu, chini ya kibanda cha kioleo, na inaiwezesha kamera kurekodi mpaka kadi ijae au betri iishe. Nikon inaruhusu hadi dakika 125 kwa mkupuo. Canon Mark II na Sony hazina shida kwa fremu 25 kwa sekunde kwenye kivuli, ila kwa Sony kuna jambo moja la kufanya siku ileile unapoinunua: ingia kwenye menyu, tafuta mahali pa joto la kujizima, weka kiwango cha juu. Ikitoka kiwandani imewekwa kujizima mapema, na wengi wameilaumu kamera kwa kosa la menyu.

Sasa tuzungumzie taa, jambo ambalo waandishi wa makala za kamera walioko Marekani hawawezi kukusaidia. Umeme wa Rwanda, kama wa Afrika Mashariki yote, ni wa hezi 50. Kwao ni 60. Taa nyingi za bei nafuu zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, sensa inaona. Ukirekodi kwa fremu 30 na shata 1/60 kama wanavyofundisha kwenye video zao, ukumbi mzima utapitiwa na michirizi myeusi inayopanda na kushuka. Weka kamera kwenye PAL, rekodi fremu 25 kwa shata 1/50, au fremu 50 kwa shata 1/100. Kwa taa za kawaida michirizi itakwisha. Taa za rangi za muziki zina mwendo wake zenyewe, na hapo kamera nne zote zitakuhitaji ujaribu shata mbalimbali kabla wageni hawajaingia.

Fremu 50 zinatuletea tofauti ya kwanza ya kweli. Watu wanazitaka kwa mwendo wa polepole: unarekodi 50, unacheza 25, mshanana, lile vazi la bibi harusi, unaelea. Canon na Nikon zinarekodi 4K ya fremu 50 kwa upana wote wa sensa. Sony na Lumix zinakata pembeni mara moja na nusu, hivyo lenzi yako ya milimita 28 inaona kama ya 42. Uwanjani hilo si neno. Ndani ya hema lililojaa viti, mgongo wako ukiwa tayari umegusa turubai, ni neno kubwa.

Tofauti ya pili wataifichua wachezaji wa intore, ngoma ya jadi ya Rwanda. Sensa haisomi picha yote kwa mpigo, inasoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Mchezaji akirusha kichwa na ile mikia mirefu ya nyasi ikazunguka, sensa ya polepole inakuta ncha yake imeshahama kabla haijamaliza kusoma. Mkuki ulionyooka unatoka umelala. Sensa ya Sony A7 IV ni ya polepole zaidi katika kundi hili, ya Lumix inaifuatia, ya Canon ni ya haraka, na ya Nikon Z6III ilitengenezwa kwa njia mpya mahususi kwa ajili hiyo. Kwenye picha za kawaida suluhisho ni rahisi: tumia shata ya chuma, achana na ile ya kimya. Kwenye video hakuna shata ya chuma, kwa hiyo tuliza kamera, usiizungushe kwa kasi, waache wachezaji ndio wazunguke. Mtu anayepiga Tour du Rwanda msafara wa baiskeli unapoingia Rubavu atanielewa vizuri zaidi, maana gurudumu lililopigwa kwa shata ya kimya ya Sony linaweza kutoka kama yai.

Basi Nikon imeshinda? Subiri tufike kwenye lenzi.

Gisenyi iko chini kidogo ya ikweta, haifiki digrii mbili kusini, na jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Likishazama halikusubiri. Ndio wakati wavuvi wa sambaza wanasukuma mitumbwi yao: mitatu mitatu imefungwa pamoja, nguzo ndefu za nyavu zimetokeza mbele na nyuma, wanapiga makasia kwa wimbo. Samaki hao wadogo waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na uvuvi wao unategemea giza: taa inawavuta juu, nyavu zinawasubiri. Mpiga picha anataka taa hizo, nyuso za wavuvi na mstari wa mwisho wa anga, vyote katika fremu moja.

Hapa wanunuzi wengi wanaanza kubishana kuhusu ISO. Lumix ina hoja: ikirekodi kwa logi, ile video iliyofifia inayorangiwa baadaye, sensa yake ina viwango viwili vya asili, ISO 640 na ISO 4000, na kile cha pili kinatoa video safi gizani. Lakini kwa picha, tofauti ya chenga kati ya bodi hizi nne kwenye ISO 6400 haifiki hata stopu moja, na stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili tu. Sasa chukua lenzi ya zuumu ya f/4 ambayo watu hununua pamoja na bodi, ifungue mpaka mwisho, kisha iondoe uweke milimita 50 ya f/1.8. Umeongeza mwanga karibu mara tano. Canon walitoa ya kwao mwaka 2020 kwa dola 200, ina gramu 160 tu. Hakuna bodi duniani itakayokupa mara tano kwa dola 200.

Jumamosi ya 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka jioni na anga la Goma, mji wa Congo ng'ambo ya mpaka, likawa jekundu, watu wa Gisenyi waliliona kwa macho yao kutoka majumbani. Siku zilizofuata matetemeko yalipasua nyumba na barabara upande huu wa mpaka pia, na tarehe 27 sehemu kubwa ya Goma ilipoamriwa kuhama, maelfu walivuka kuingia Rwanda. Picha za usiku wa mlipuko hazikuhitaji kamera ya 2024. Zilihitaji lenzi iliyofunguka, mkono uliotulia na mtu aliyekuwa na betri. Bodi zote nne zinapokea umeme kwa USB-C, kwa hiyo benki ya umeme yenye nguvu ya kutosha ni sehemu ya kamera kwa mtu anayeingia mtumbwini. Ziwani hakuna soketi. (Na pale kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière na mpaka mwingine wowote, kamera ibaki mfukoni mpaka upate ruhusa. Hilo halina bodi.)

Mchana ni kinyume chake, na tatizo lake linawashangaza wanaoanza. Wanasikia kwamba logi inahifadhi mawingu na nyuso kwa pamoja, na ni kweli, nayo inafaa sana pale ngozi nyeusi na shela jeupe vimesimama mbele ya ziwa linalometameta. Ila ISO ya msingi ya logi ya Sony A7 IV ni 800. Piga hesabu: kwenye jua kali, ISO 800 inataka f/16 na shata 1/800. Wewe unataka f/2.8 ili nyuma kufifie, na shata 1/50 kwa sababu ya video. Umezidisha mwanga kwa stopu tisa, yaani mara 512. Bila kioo cheusi mbele ya lenzi, bibi harusi atakuwa karatasi nyeupe. Vioo vingi vya kuzungusha vinakata stopu mbili hadi tano, kwa hiyo utalazimika kufunga lenzi mpaka f/11, na ule ufifishaji ulioununua kwa bei kubwa umekwenda na maji. Bajeti ya video bila kioo kinachokata stopu tisa haijakamilika, kamera iwe ya kampuni gani.

Tumefika kwenye lenzi, na hapa ndipo bodi hizi zinapoachana kabisa.

Mwaka 2011 Sony walifungua kwa kampuni nyingine vipimo vya maunti yao, pale lenzi inapofungwa. Tamron, Sigma na wengineo waliingia, na leo mtu wa Sony anaweza kununua Tamron 28–75 ya f/2.8, lenzi moja inayofanya karibu harusi nzima, kwa bei ya chini sana kuliko ya Sony yenyewe. Kwa kuwa imekuwapo sokoni tangu 2018, mitumba yake ipo. Panasonic wako katika umoja na Leica na Sigma tangu mwaka huohuo, hivyo Sigma inawahudumia vizuri. Nikon wamewafungulia wengine mlango, ila si wazi. Canon waliufunga: mwaka 2022 Viltrox iliacha kuuza lenzi zake za maunti ya RF, na Sigma na Tamron waliporuhusiwa mwaka 2024, ruhusa ilikuwa kwa kamera za sensa ndogo, si fulufremu.

Lakini Canon wana urithi. Tangu EOS 5D Mark II ya 2008 ilipowaonyesha watu kwamba kamera ya picha inaweza kupiga sinema, lenzi zao za EF zimejaa katika studio za Afrika Mashariki. Ukiweka adapta ya Canon yenyewe, lenzi hizo zinafanya kazi kwenye R6 Mark II kama zilizozaliwa nayo, na fokasi yake mara nyingi ni bora kuliko ilivyokuwa kwenye kamera yake ya zamani. Mwenye 24–70 na 70–200 za EF kabatini hana sababu ya kuhama.

Kuna hesabu nyingine ambayo hakuna kipimo chake kiwandani. Kutoka Gisenyi hadi Kigali ni kama kilomita 150 za milima na kona. Lenzi ikidondoka Ijumaa na harusi ni Jumamosi, atakayekuokoa ni mwenzako wa mtaa wa pili, na anaweza kukuokoa tu ikiwa maunti yake ni kama yako. Kwa hiyo kabla hujanunua, waulize wapiga picha watano unaofanya nao kazi wanatumia nini. Jibu lao ni zito kuliko mapitio yote uliyotazama. Nikon Z6III naiona ndiyo mashine bora kati ya hizi nne, na ningemwambia mtu wa Gisenyi asiyemjua mwenye lenzi hata moja ya Z asiinunue.

Kadi na kompyuta nitazisema kwa ufupi. A7 IV ikirekodi 4K ya fremu 50 kwa biti 10 inaandika megabiti 200 kwa sekunde. Hiyo ni gigabaiti moja na nusu kwa dakika, 90 kwa saa. Gusaba ya saa nne kwa kamera mbili inaweza kula gigabaiti 700, na bado hujaweka nakala. Kadi iliyoandikwa V30 inatosha kwa kasi hiyo, usidanganywe kununua ya bei ya juu. Pesa uliyookoa iende kwenye diski mbili, na kwenye kompyuta, kwa maana mafaili ya H.265 yanaikwamisha laptopu ya zamani mpaka unatamani kulia. Rekodi mazungumzo kwa fremu 25, 50 ziwe za kuingia kwa bibi harusi na ngoma.

Ukinunua mtumba, na wengi tutanunua mtumba kwa sababu mwishoni mwa 2025 Canon na Sony walitangaza warithi wa bodi hizi, angalia vitu vitatu. Washa kamera uone lugha: bodi nyingi za Sony zilizouzwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani tu. Uliza shata imefyatuka mara ngapi. Na piga picha ya anga tupu kwa f/16 uone kama sensa ina madoa yasiyofutika. Dhamana ya bodi iliyopitia Dubai mara nyingi inabaki hukohuko, kwa hiyo usiilipie. Kwa upande wa Lumix, hakikisha maandishi yanasema S5II. Ile S5 ya 2020 inafanana nayo, lakini haina fokasi ya awamu, na kwenye video uso wa mtu unaweza kufifia na kurudi bila sababu.

Hukumu yangu basi. Mwenye lenzi za EF, au anayefanya kazi na kundi la Canon, achukue R6 Mark II. Anayeishi kwa video ndefu za sherehe, picha zikiwa nyongeza, achukue Lumix S5II, na pesa itakayobaki anunue lenzi. Anayeanza bila chochote, anayetaka picha na video kwa uzito sawa, ningempa A7 IV iliyotumika, Tamron 28–75 na milimita 50 ya f/1.8, pamoja na matatizo yake yote niliyoyataja, kwa sababu matatizo hayo yana njia ya kuyakwepa na ukosefu wa lenzi hauna. Kwa vyovyote, bodi isile zaidi ya nusu ya pesa zako zote.

Na muuzaji akikuharakisha, mwambie unataka kwanza kuipeleka kamera kwenye ukumbi utakaofanyia kazi. Mpige mtu mwenye ngozi kama ya wateja wako, amekaa kivulini na mwanga ukiwa nyuma yake, uone kama fokasi inalishika jicho. Rekodi dakika 40 bila kukata, kisha cheza faili hilo kwenye kompyuta yako mwenyewe. Akikataa, tafuta muuzaji mwingine.